Mwanao anaunda chombo au anabahatisha?

Saa nne usiku, mlango wa chumba cha kijana umegongwa mara ya tatu. Chakula kimepoa mezani. Jibu ni lile lile: “Mama, subiri kidogo, namalizia injini.”

Injini yenyewe haipo Dodoma wala mahali popote duniani. Ni ya chombo cha angani kilichomo ndani ya kompyuta. Hali hii inaweza kutokea katika nyumba yoyote, iwe Area C, Kisasa au Nzuguni, na wazazi wengi hukimbilia swali moja: amekaa saa ngapi? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Lipo la pili: humo ndani anaunda kitu au anabahatisha?

Mfano unaoonyesha tofauti hiyo ni Elite Dangerous, gemu ya kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza, iliyotoka Desemba 2014. Mchezaji huanza na chombo kidogo, kisha hukiboresha. Mei 2016 waliongezwa mafundi ndani ya mchezo, ambao huchukua injini, ngao au mtambo wa umeme na kuurekebisha kwa daraja la kwanza hadi la tano. Malipo yao ni malighafi ambazo mchezaji huzitafuta mwenyewe kwenye sayari na vyombo vingine.

Kila marekebisho yana gharama yake. Injini ya kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine ikiongezewa masafa, inakuwa nzito na kula umeme zaidi. Mtambo ukiongezewa nguvu, unatoa joto jingi. Ni hesabu ileile ya bodaboda anayebadilisha sproketi: pikipiki inakimbia vizuri kwenye tambarare, lakini ikipanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma inakosa nguvu. Kijana anayepima faida na hasara namna hii anatumia akili yake vizuri.

Tatizo la mpango wa 2016 lilikuwa kwingine. Mchezaji alitoa malighafi zake, kisha matokeo yakaamuliwa na bahati. Kifaa kingeweza kutoka bora, au kibaya kuliko alichokuwa nacho. Asiporidhika, alirudi kutafuta malighafi ajaribu tena. Na tena.

Hapo mzazi atakumbuka zile mashine za mitaani zinazoitwa dubwi. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika majaribio yake na wanyama kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humfanya mnyama aendelee kujaribu kwa muda mrefu hata zawadi inapokoma. Binadamu naye hunaswa hivyo hivyo. Aliyekaribia kupata huona ajabu kuacha sasa.

Februari 2018 watengenezaji waliubadilisha mpango huo. Tangu hapo kila jaribio hukisogeza kifaa mbele, na kilichokwisha kupatikana hakipotei. Kazi bado ni ndefu, lakini ina mwisho unaoonekana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza uraibu wa michezo ya kidijitali katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu angalau miezi 12, na imevuruga masomo, kazi au uhusiano na familia. WHO inasema wanaofikia hapo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Kwa hiyo, kijana aliyekesha usiku mmoja wa likizo asibandikwe jina la mgonjwa.

Mzazi afanye nini? Kwanza, aingie chumbani, aketi na kuuliza: “Hiki ulichobadilisha kinasaidia nini? Umepoteza nini ili ukipate?” Kijana anayeunda ataeleza mpaka mzazi achoke. Anayebahatisha mara nyingi atasema tu kwamba safari hii atapata.

Pili, wakubaliane mahali pa kuishia, si saa pekee. Mchezo huu hauwezi kusimamishwa katikati ya safari, hivyo “chombo kikitua kituoni, unazima” ni sharti ambalo kijana anaweza kulitimiza bila ugomvi. Usingizi na chakula cha pamoja visiguswe.

Tatu, zile dalili tatu zikikaa nyumbani mwezi baada ya mwezi, msaada utafutwe mapema. Wakazi wa Dodoma wanayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe hapo hapo jijini. Kwenda kuomba ushauri si aibu, wala si lazima kusubiri mpaka mtoto afeli mtihani.

Na usiku mwingine mlango ukigongwa, pengine swali la kwanza liwe: “Injini yako imefikia daraja la ngapi?” Chakula kitafuata.