Mboga Mbele ya Nyumba na Sheria za Mji

Tarehe 1 Julai 2020 mji wa Arua ulipandishwa daraja ukawa jiji. Wakulima wengi wa Ayivu walilala wakiwa watu wa kijiji, wakaamka wakiwa watu wa jiji, bila ya kuhama hata hatua moja. Ayivu sasa ni mojawapo ya sehemu mbili za jiji hilo, pamoja na Arua ya Kati. Lakini mchicha, kunde, mlenda na mahindi yaliyozunguka nyumba zao yalibaki pale pale. Hali ni hiyo hiyo huko Koboko, iliyotengwa na Wilaya ya Arua mwaka 2005 na ambayo leo ina manispaa yake.

Kwa hiyo limezuka swali ambalo halikuwa na maana kijijini: je, mkazi wa mji anaruhusiwa kupanda mboga mbele ya nyumba yake?

Ndugu wasikilizaji, swali hili linamhusu askari kwa njia mbili. Kwanza, ni yeye anayeitwa kuwalinda watumishi wa mji wanapokwenda kufyeka mimea iliyokatazwa. Pili, yeye mwenyewe ana jamaa. Nyuma na mbele ya nyumba nyingi za askari, iwe kambini au mitaani, kuna tuta la sukuma wiki linalotoa kitoweo katika siku za mwisho wa mwezi. Inafaa basi askari aelewe makatazo hayo yalitoka wapi, yanalinda kitu gani, na yanaishia wapi.

Makatazo ya kulima mijini ni urithi wa utawala wa kikoloni. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 1921 iliipa serikali uwezo wa kupiga marufuku kilimo na umwagiliaji ndani ya miji na pembezoni mwake pale afya inapohatarishwa. Uganda ilipata Sheria yake ya Afya ya Jamii mwaka 1935. Wenye mamlaka walikuwa na sababu tatu: waliogopa mbu, walitaka uwanja ulio wazi ili mwizi asipate maficho, na walipenda mji ufanane na miji ya kwao. Sababu ya tatu ni ya mapambo tu. Mbili za kwanza zinastahili kuchunguzwa.

Hofu ya mbu haikuwa ya kubuni. Mwaka 1936 ilianzishwa huko Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Katika miaka iliyofuata wachunguzi wake walifanya kazi Bwamba, magharibi mwa Uganda, wakagundua kwamba mbu wa aina ya Aedes simpsoni huzaliana katika maji machache yanayokusanyika mahali jani la mgomba au la gimbi linaposhikana na shina. Nyani na kima walipokuja kuiba ndizi, mbu huyo aliwauma, kisha akawauma wakulima, na virusi vikapita kutoka msituni hadi nyumbani. Watu wa West Nile hawana haki ya kuipuuza habari hii. Mwezi Mei 2019 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano katika wilaya mbili, Masaka na Koboko.

Lakini malaria, ambayo ndiyo adui mkubwa zaidi, ina njia nyingine. Mbu wake hutaga mayai hasa katika vidimbwi vya maji yaliyotulia ardhini. Hazaliani katika majani ya mahindi, kama watu wengi walivyoaminishwa. Hata hivyo mahindi hayana kinga kamili. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba chavua ya mahindi ikidondoka katika vidimbwi huwa chakula cha viluwiluwi, nao hukua upesi na kwa wingi zaidi. Hatari basi ipo pale mahindi yanapokutana na dimbwi karibu na mahali watu wanapolala.

Sasa tuutazame mchicha, au kunde. Mimea hiyo haishiki maji katika majani yake. Kinachoweza kuleta mbu katika bustani ya mboga ni shimo la maji ya kumwagilia, pipa lisilo na kifuniko, au mikebe iliyotupwa. Dawa yake ni kufukia shimo, kufunika pipa na kuondoa mikebe. Kung'oa mboga na kuliacha shimo ni kumwadhibu mke wa nyumba na kumsamehe mbu.

Sababu ya pili, ile ya maficho, askari anaielewa kuliko raia. Hakuna mlinzi mwenye akili anayekubali mahindi au mtama uliozidi kimo cha mtu usimame kando ya lango lake. Lakini mchicha unaovunwa ungali mdogo haumfichi hata kuku. Kwa sababu hiyo kanuni iliyo bora hutofautisha mimea mirefu na mimea mifupi, wala haikatazi kila kitu kinacholiwa.

Ipo sababu nyingine ambayo wakoloni hawakuifikiria, nayo ni sumu ya barabarani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu mboga za kando ya barabara za Kampala ulionyesha kwamba majani yalikuwa na madini ya risasi, na wachunguzi wakashauri mboga za majani zipandwe umbali wa mita 30 kutoka barabara zenye magari mengi. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka huo huo wa 2006, lakini risasi iliyokwisha kuingia katika udongo haiondoki upesi. Anayepanda kando ya lami itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba, afahamu kwamba hifadhi ya barabara si shamba, na ya kwamba vumbi la magari huishia katika sufuria.

Serikali nyingi zimekwisha kuona kwamba kukataza kabisa hakufai. Katika miaka ya sabini, biashara ilipoharibika nchini Uganda, wakazi wa Kampala waligeukia jembe. Na mwanzoni mwa miaka ya tisini ilionekana kwamba kiasi cha theluthi moja ya kaya za mji huo zilikuwa zikilima. Mwaka 2006 Kampala ikapata kanuni ya kilimo cha mjini. Kanuni hiyo ilikiruhusu kilimo kwa kibali, ikakikataza katika hifadhi za barabara, katika maeneo chepechepe na bustani za umma, katika majalala ya zamani, na karibu na mfereji ulio wazi kwa umbali usiofika futi 10. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1992, ikampimia mkulima wa mjini eneo lisilozidi ekari tatu. Nairobi ilitunga sheria yake mwaka 2015. Hata Marekani, mahali ambapo baadhi ya miji iliwatoza watu faini kwa kupanda mboga mbele ya nyumba, jimbo la Florida lilizizuia halmashauri zake kufanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2019.

Hapa lazima askari awe mwangalifu. Kanuni ya Kampala ni ya Kampala. Mtumishi anayesema, "Jambo hili limekatazwa Kampala," hajataja bado sheria ya Arua wala ya Koboko. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, kanuni ya wilaya au jiji hupitishwa na baraza, kisha Mwanasheria Mkuu huthibitisha kwamba haipingani na Katiba wala na sheria za nchi, ndipo inapotangazwa. Kanuni za mabaraza ya chini nazo hupelekwa kwa baraza la wilaya zikaguliwe. Na Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, inasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo sheria haikulieleza wala kuliwekea adhabu. Amri ya mdomo ya ofisa haitoshi kuugeuza mchicha kuwa kosa la jinai.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Askari anapoitwa kusindikiza kazi ya kufyeka, na aulize kwa adabu mambo matatu: kanuni iko wapi kwa maandishi, mmea huu umesimama mahali gani palipokatazwa, na mwenyewe alipewa taarifa lini? Swali la tatu lisidharauliwe. Mchicha huwa tayari kuvunwa kwa muda wa wiki tatu au nne tangu kupandwa. Taarifa ya mwezi mmoja haiupunguzii mji kitu, lakini inaiachia nyumba mboga zake zote. Panga lililotangulia taarifa hufuatiwa na mawe, na anayesimama kati ya panga na mawe ni askari.

Wapandaji nao wana wajibu wao. Mimea mirefu ikae mbali na milango na madirisha. Tuta lisizibe mfereji. Maji ya kumwagilia yafunikwe. Kinyesi kibichi kisitumiwe kama mbolea. Na wale wanaokaa kambini wakumbuke kwamba ardhi ile ni ya serikali: tuta linaruhusiwa na mkuu wa kambi, naye akiamuru liondolewe, litaondolewa.

Arua na Koboko ni miji inayokua, na kila mwaka mashamba mengine yataingia ndani ya mipaka yake. Utaratibu lazima uwepo. Lakini utaratibu huo uwaelekee mbu, mwizi na sumu ya barabarani, wala usimwelekee mama aliyeinama juu ya tuta lake la kunde akitafuta kitoweo cha jioni.