Msee wa Karagita, unaweza kugombea uhakimu? Soma hii kwanza

Skiza, msee wa Karagita. 2027 ikifika utapewa karatasi sita za kura: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA. Ya hakimu haiko. Hata ukiwa na doh ya kubandika mabango kutoka South Lake Road hadi Naivasha mjini, hakuna kiti cha kugombea. Hapa Kenya raia hampigii hakimu kura, wala jaji.

Si ati haiwezekani. Kule Texas, Marekani, majaji husimama na tiketi ya chama, wanachangisha pesa na kuomba kura kama MCA wako tu. Mexico nao walichagua majaji kwa kura Juni 2025, mara yao ya kwanza. Waliojitokeza? Karibu asilimia 13 pekee.

Sasa mbona sisi tusichague wetu? Cheki hii. Unakata maua kwa shamba fulani, umefutwa bila notisi. Kama mshahara wako hauzidi KSh 80,000 kwa mwezi, kesi yako inaweza kusikizwa na hakimu. Sasa huyo hakimu angekuwa amegombea, nani angelipia kampeni yake? Wewe, ama mdosi wa shamba? Na akikupa haki leo, huyo mdosi atatoa doh tena uchaguzi ujao? Hapo ndipo Katiba ya 2010 iliweka ua.

Kwa hivyo njia ni hii. Unasomea sheria chuo kikuu, unapitia Kenya School of Law, unakuwa wakili, halafu unangoja Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, itangaze nafasi. Hakimu huajiriwa na JSC yenyewe. Jaji wa Mahakama Kuu anahitaji angalau miaka 10 kwa kazi ya sheria. JSC ikimpitisha, rais anamteua, na anakaa hadi miaka 70 asipotoka mapema.

Lakini tusidanganyane, siasa huingia hata bila kura. 2019 JSC ilipendekeza majaji 41. Uhuru Kenyatta alikalia hiyo listi hadi Juni 2021, akateua 34 na kuruka sita. Mmoja alikuwa ashafariki akingoja. Kati ya hao sita alikuwemo Joel Ngugi, aliyekuwa jaji pale Nakuru. Waliapishwa Septemba 2022, Ruto akiwa ndio ameingia Ikulu. Kesi za wasee ziliendelea kungoja wakati wakubwa wakivutana.

Kuna kura moja ndani ya hii story, lakini si yako. JSC ina watu 11. Mahakimu na majaji wa Mahakama Kuu hupitia chama chao kuchagua hakimu mmoja na jaji mmoja, mwanamke na mwanaume. Mawakili nao huchagua wawili kupitia LSK. Kipindi ni miaka mitano, na unaweza kurudi mara moja tu. Kwa hivyo ukitaka kugombea kitu mahakamani, kwanza uwe mmoja wao.

Wewe raia wa kawaida uko na nini? Una milango miwili. Wa kwanza: kabla ya usaili, JSC hutangaza majina ya wanaotaka ujaji na kuomba maoni ya wananchi. Unajua kitu kibaya kuhusu mmoja? Andika, weka ushahidi. Kuandika hivyo si lazima uwe na wakili.

Wa pili: hakimu akikuitisha kitu kidogo, ama kesi yako ikilala bila sababu, peleka malalamiko kwa Ombudsman wa Mahakama ama JSC. JSC inaweza kumwadhibu hakimu, hata kumfuta. Jaji naye huondolewa kupitia jopo maalum. Lakini usichanganye mambo: kushindwa kesi peke yake si malalamiko. Hiyo unakata rufaa.

MCA akikuangusha, kawaida unangoja uchaguzi ujao ndio umtoe. Hakimu akichafua kazi, barua yako inaweza kwenda kesho asubuhi. Kwa hivyo next time msee akikuambia mahakama ni ya wakubwa tu, muulize kama ashawahi kuandika hata moja.