Unahama na Vyombo Vyako? Andika Orodha Kwanza

Labda una mtoto aliyeolewa Uganda. Labda una ndugu aliyekaa Kenya miaka mingi, na sasa anataka kurudi nyumbani Tanzania. Siku ya kuhama watu hupakia kila kitu kwenye lori: kitanda, masufuria, cherehani, kuku, hata miche. Wakifika mpakani wanaulizwa maswali, nao hawana majibu.

Mimi ni bwana shamba, si mtu wa forodha. Lakini mwaka jana jirani yangu, mama mjane, alirudi kutoka Masaka, Uganda, baada ya kukaa huko miaka 19. Aliniomba nikampokee Mutukula. Ninakuandikia niliyoyaona pale, pamoja na yale niliyouliza baadaye.

Tangu mwaka 2017 kituo cha Mutukula kinatoa huduma za nchi mbili mahali pamoja. Ukitoka Uganda unakuja moja kwa moja upande wa Tanzania. Hapo utawakuta maofisa wa Uganda na wa Tanzania.

Ofisa wa forodha alimwuliza mama, "Mama, vitu hivi ni vyako?"

"Ni vyangu, mwanangu. Ninarudi kwetu."

"Orodha yake iko wapi?"

Mama hakuwa na orodha. Ikabidi mizigo yote ishushwe chini, juani, kitu kimoja kimoja. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza saa nane mchana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya forodha, ya mwaka 2004. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anayehamisha makazi yake hatozwi ushuru kwa nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Angalia neno hilo: alivyokuwa akivitumia. Kitanda ulicholalia, meza uliyolia, cherehani uliyoshonea, hivyo ni vyombo vyako. Vyombo hivyo vikichelewa kusafirishwa, sheria inakupa siku 90 tangu siku uliyofika wewe mwenyewe. Ukiona muda hautoshi, nenda kwa ofisa mapema ukamweleze.

Cherehani ya mama ilikuwa imechakaa, rangi imetoka mahali anapoweka mkono. Ofisa aliitazama akaipitisha bila swali.

Lakini nyuma ya lori kulikuwa na magodoro matatu mapya, bado yamo ndani ya nailoni. Mama aliwanunulia kaka zake. Ofisa akamwambia kwamba hayo si vyombo vyake, ni bidhaa. Mama alikasirika. Alisema zawadi si biashara. Mimi nilimhurumia, lakini ofisa alisema kweli. Kitu kipya cha kumpa mtu mwingine hakimo katika msamaha wa kuhama.

Mama angeweza kupunguza gharama. Magodoro yale yalitengenezwa Uganda. Bidhaa iliyotengenezwa katika nchi ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikiwa ina cheti cha uasili, yaani hati inayoonyesha ilikotengenezwa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani una cheti chake chepesi, na hutolewa palepale mpakani. Mama hakukijua, wala hakuwa na risiti ya dukani. Hata ukiwa na cheti, kodi ya ongezeko la thamani inabaki. Ukilipa, dai stakabadhi. Usimpe fedha mkononi mtu anayekuambia atakusaidia.

Kwa hiyo andika orodha kabla ya kupakia. Andika kitu, idadi yake, na kama ni cha zamani au kipya. Andika nakala mbili. Vitu vipya viweke mlangoni mwa lori na risiti zake. Chukua na hati zinazoonyesha ulikaa huko, kama vile barua ya serikali ya mtaa au mkataba wa nyumba.

Jambo la mwisho lilinihusu mimi. Chini ya masufuria kulikuwa na miche sita ya migomba, imefungwa ndani ya gunia lenye unyevu. Mama aliing'oa kwenye shamba alilolima na marehemu mumewe. Alinitazama akasema, "Bwana Shamba, waambie hii waiache."

Sikuweza. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaonekana hapa kwetu Kagera. Ulimaliza mashamba ya watu. Hauna dawa. Unasafiri ndani ya mche unaoonekana mzima kabisa, na pia kwenye panga lililokata mgomba mgonjwa. Ndiyo maana mche hauvuki mpaka bila kibali cha kuuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kuku nao wanahitaji kibali, na cheti cha daktari wa mifugo. Hati hizo hutafutwa kabla ya safari. Miche ya mama ilichomwa moto, naye alisimama akitazama mpaka ikaisha.

Mengine ni mafupi. Pombe kali isizidi lita moja, au divai lita mbili. Tumbaku isizidi gramu 250. Usifungie nguo kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, maana Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Gari linasamehewa ushuru ikiwa ni moja tu, nawe umelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Ukiliuza baadaye kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa.

Vuli ilipoanza nilimpelekea mama miche kumi kutoka shamba lililokaguliwa. Miwili imeliwa na mbuzi wa jirani. Minane imeshika, na mmoja ameupanda karibu na dirisha anaposhonea.