Moshi wa Jirani: Nani Alipe?

Moshi hauna mpaka. Ukitoka kwa mmoja, huingia kwa mwingine. Ndiyo maana serikali nyingi zimeweka sheria za kulinda hewa. Lakini watu huuliza: "Je, sheria hizi hazitatupotezea kazi?" Swali hilo ni la haki. Tulijibu kwa hesabu. Tuangalie mfano wa Marekani.

Moshi uliosafiri

Katika majimbo kama Ohio na Indiana, umeme ulitengenezwa kwa kuchoma makaa ya mawe yenye salfa nyingi. Salfa ikiungua hutoa gesi. Gesi hiyo ikichanganyika na hewa na maji ya mawingu hugeuka tindikali. Mvua ya namna hiyo huharibu maziwa na misitu.

Ili kuikinga miji ya karibu, wenye mitambo walijenga mabomba marefu ya moshi. Miji hiyo ilipata nafuu, lakini upepo uliupeleka moshi mbali. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, samaki walitoweka katika maziwa mengi. Nchi ya Kanada nayo ililalamika. Kwa hiyo amri ya mji mmoja haikutosha. Ilitakiwa sheria ya kuyabana majimbo yote.

Sheria ya mwaka 1990

Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria hiyo. Serikali iliweka kikomo cha gesi ya salfa kwa mitambo ya umeme. Kila mtambo ulipewa vibali, na kibali kimoja kiliruhusu tani moja kwa mwaka. Aliyepunguza gesi kuliko alivyotakiwa aliweza kuuza vibali vilivyobaki. Hivyo kila mmoja alichagua njia iliyo nafuu kwake. Wengine walifunga vifaa vya kusafisha moshi. Wengine walinunua makaa yenye salfa kidogo kutoka jimbo la Wyoming.

Sasa tupime

Kwanza, gharama. Vifaa vya kusafisha moshi ni ghali. Tena migodi ya makaa yenye salfa nyingi, kama ile ya Illinois na Ohio, ilipoteza wateja, na wachimbaji wakapoteza kazi. Sheria iliweka mpango wa kuwafundisha kazi nyingine. Lakini si rahisi kwa mtu mzima mwenye familia kuanza upya.

Pili, faida. Mwaka 1980 mitambo ya umeme ilitoa tani zipatazo milioni 17 za gesi hiyo. Mwaka 2010 zilikuwa kama milioni 5. Gesi hiyo hugeuka pia kuwa vumbi laini sana, ambalo huleta magonjwa ya moyo na mapafu. Wataalamu walitoa hesabu mwaka 2005. Walikadiria kwamba mwaka 2010 gharama ingekuwa dola bilioni 3, na faida dola bilioni 122. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni afya na uhai wa watu.

Bila shaka uhai hauna bei, na hesabu ya namna hiyo ni makadirio tu. Hata hivyo inatufundisha jambo moja. Kabla ya sheria, gharama ilikuwapo tayari. Ililipwa na mgonjwa na mvuvi, wala haikuandikwa katika daftari la mwenye mtambo. Sheria iliirudisha kwa aliyetoa moshi.

Lakini tusimsahau mchimbaji. Faida iligawanywa kwa mamilioni ya watu. Hasara iliwaangukia wachache, nayo ilikuwa nzito. Faida ikiwa kubwa hivyo, ni haki sehemu yake iwasaidie waliopoteza.

Hata kijijini mnaweza kupima hivyo. Mkitaka kuzuia tanuri la matofali karibu na nyumba, msihesabu fedha za mwenye tanuri peke yake. Hesabuni pia dawa za watoto wanaokohoa. Kisha mfikirie jinsi ya kumsaidia mwenye tanuri kupata mahali pengine.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mabomba marefu hayakuondoa shida?
2. Nani alilipa gharama ya moshi kabla ya sheria? Nani alilipa baadaye?
3. Taja kazi moja kijijini kwenu inayotoa moshi. Nani hupata faida, na nani hupata hasara?