Fundi wa Rangi Apumue Wapi?

Mwaka 2017 sheria ya trafiki ya Kenya ilibadilishwa, na magari ya shule yakatakiwa kupakwa rangi ya manjano. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilikuwa zimeyavisha matatu mkanda wa manjano ubavuni. Amri za namna hiyo zikitoka Nairobi, kazi huangukia gereji za jua kali: Kapsoit, Litein, Kaplong, Silibwet, popote penye kompresa, bunduki ya rangi na kibanda cha mabati. Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet fundi hupenda kufunga kibanda, kwa kuwa mvua ya alasiri haibishi hodi, na matone machache juu ya rangi mbichi humrudisha kwenye msasa. Mlango ukifungwa rangi husalimika, lakini fundi hubaki ndani na ukungu wote.

Ukungu huo hautoki kwenye kopo la aina moja. Rangi za zamani za selulosi hukauka thina inaporuka hewani, na thina hiyo ndiyo huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Rangi za 2K, zinazopendwa leo kwa mng'ao na ugumu wake, huchanganywa na hadena. Ndani ya hadena mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Mtu akizivuta, kinga ya mwili wake inaweza kuanza kuzipiga vita, na tangu hapo hata kiasi kidogo mno huamsha pumu. Nchini Uingereza, idara ya serikali ya usalama kazini inakadiria kuwa wapuliza rangi za magari wamo katika hatari ya kupata pumu ya kazini takribani mara 80 zaidi kuliko wafanyakazi wa kawaida. Tena isosayaneti hazitoi onyo: anayezinusa amekwisha kuvuta kupita kiwango salama.

Mafundi wengi hujikinga kwa maziwa, wakiamini kwamba yanasafisha kifua. Katika nchi ya Wakipsigis, ambako kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, hakikosekani nyumbani, ushauri huo haukawii kukubaliwa. Hata hivyo maziwa huenda tumboni, ilhali ukungu umekwenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Kitambaa kilichofungwa puani nacho huzuia vumbi la msasa tu. Kinyago chenye vichujio vya mkaa ni afadhali, kwa kuwa hunasa mvuke wa thina, lakini mkaa nao hujaa. Fundi asiyeweza kunusa isosayaneti hatajua kichujio kimechoka lini. Ndiyo sababu wakaguzi wa Uingereza huwataka wapulizaji wa 2K wasichuje hewa ya kibandani, bali waletewe hewa safi kwa bomba.

Wazo hilo lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1914 Garrett Morgan, mvumbuzi Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Cleveland, alipata hataza ya kofia ya kitambaa yenye mirija mirefu iliyoning'inia hadi karibu na ardhi, ambako moshi huwa mwepesi zaidi. Julai 1916 mlipuko ulitokea ndani ya handaki la maji chini ya Ziwa Erie, na Morgan akashuka na kofia zake kuokoa watu.

Leo kofia ya namna hiyo inaweza kutengenezwa gerejini kwa sehemu tatu: feni, bomba na kifuniko cha kichwa. Wakazi wa Kericho na Bomet wanaijua kazi ya feni hiyo kwa ukubwa wake. Katika viwanda vya chai kama Momul au Mogogosiek, feni hupitisha hewa nyingi kwa msukumo mdogo chini ya majani yaliyotandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia. Fundi wa rangi naye anahitaji hewa nyingi yenye msukumo mdogo. Kwa kuwa msukumo ni mdogo, bomba liwe pana na fupi kadiri iwezekanavyo, na lisiwe na harufu ya plastiki. Kifuniko kinaweza kuwa ngao ya uso iliyoshonewa kitambaa kizito kinachofika mabegani. Hewa huingia juu ya kichwa, hupita mbele ya uso, kisha hutokea shingoni, hivyo ukungu unasukumwa nje badala ya kuvutwa ndani.

Viwango vya Marekani hutaka kifuniko cha namna hiyo kipate angalau lita 170 za hewa kwa dakika. Kukadiria si kazi ngumu: mfuko wa lita 85 ukifungwa kwenye mwisho wa bomba, unapaswa kujaa ndani ya nusu dakika. Ukichelewa, feni ni ndogo au bomba ni jembamba.

Feni yenyewe hukaa nje, upande unaotoka upepo, ikiwa imeinuliwa juu ya ardhi, mbali na magari yanayonguruma, jenereta, jiko na makopo ya thina. Kuiweka kibandani ni kosa maradufu: itampulizia fundi ukungu uleule, na cheche za mota zinaweza kuwasha mvuke wa thina.

Kishawishi kikubwa ni kutumia kompresa badala ya feni, maana ipo tayari na ina nguvu. Kompresa ya kawaida hulainishwa kwa oili. Ikipata joto kali, oili hiyo huungua na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inayoendeshwa kwa petroli inaweza pia kuvuta moshi wake yenyewe. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapo ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Hivyo gesi hiyo, inayoiba oksijeni ya damu, huumiza upesi zaidi huko. Kompresa hufaa kupumulia pale tu inapokuwa na vichujio vya hewa ya kupumua na king'ora cha gesi hiyo.

Stima ikipotea, feni husimama papo hapo, lakini tangi la kompresa bado lina hewa na bunduki inaendelea kupuliza. Fundi aliyezama kazini anaweza asitambue kwamba hewa ndani ya kifuniko imeanza kuchakaa. Utepe mwepesi uliofungwa mbele ya tundu la hewa, unaoonekana ukipepea, humjulisha mara moja. Ukilala, anatoka nje kwanza, kisha anavua.

Hata kikitengenezwa vizuri, kifaa cha nyumbani hakijapimwa na maabara. Kinaweza kumfaa anayepaka lango au trela kwa rangi ya kawaida, lakini anayepuliza 2K kila wiki anahitaji kifaa kilichoidhinishwa, na gereji kadhaa zinaweza kuchanga na kukimiliki pamoja. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kinga.

Wengi huumia baada ya kazi, pale wanapofunua uso kuutazama mng'ao. Chumba kisicho na feni ya kutoa hewa kinaweza kuchukua dakika 20 au zaidi kabla ukungu usioonekana haujaisha. Dalili nazo hujificha: kikohozi na kubanwa kifua huja usiku, saa kadhaa baada ya kupuliza, kisha hupungua siku za mapumziko. Fundi anayeona mtindo huo aandike tarehe zake, na aendapo hospitali ya Tenwek, ya Litein au ya kaunti mjini Kericho, achukue na kopo la hadena ili daktari asome lebo.