Betri ya kamera isizimike kileleni: Namna ya kupata chaji pasipo umeme

MPANDAJI wa Mlima Kilimanjaro huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane, hutembea gizani kwa saa kadhaa na hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wakati jua linachomoza. Hapo hutoa kamera aliyoibeba kwa siku tano, hubonyeza kitufe, na wakati mwingine kioo hubaki cheusi.

Betri imekwisha. Chaja imo kwenye begi, lakini soketi ya kuichomeka iko chini ya mlima, mwendo wa siku nzima au zaidi.

Mkasa wa namna hiyo huwapata wageni na wenyeji, wapiga picha wanaoishi kwa kazi hiyo na wale wanaopanda mara moja tu maishani. Gharama za kupanda mlima huo ni kubwa, na picha ya kileleni si ya kurudia wiki inayofuata. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha tatizo si kukosekana kwa umeme mlimani, bali ni hesabu ambayo haikufanywa kabla ya kuondoka nyumbani.

Hesabu kwanza

Betri nyingi za kamera za sasa ni za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Ubavuni mwa kila betri huandikwa namba mbili: volti na miliampea-saa, ambazo hufupishwa kama mAh. Namba hizo zikizidishwa kisha zikagawanywa kwa 1,000, hupatikana wati-saa, yaani kiasi halisi cha nishati kilichomo. Betri ya volti 7.2 yenye mAh 1,800, kwa mfano, ina wati-saa 13 hivi.

Idadi ya picha zinazopatikana kwa chaji moja hutegemea aina ya kamera. Zile za DSLR, ambazo mpigaji hutazama kupitia kioo cha kuakisi, zinaweza kupiga picha mia kadhaa na nyingine hata zaidi ya 1,000. Kamera mpya zisizo na kioo hicho huwasha skrini muda wote, hivyo nyingi kati yake hupiga picha 300 hadi 600 tu.

Tuchukue safari ya siku sita, picha 200 kwa siku. Jumla ni picha 1,200. Iwapo betri moja hutoa picha 350, zinahitajika betri nne, na kwa kuwa baridi ya mlimani hupunguza nguvu, busara ni kuhesabu tano.

Betri tano za aina hiyo zina uzito usiofika nusu kilo na nishati ya wati-saa 65 kwa jumla. Hazihitaji jua, waya wala subira. Kwa safari isiyozidi wiki moja, betri za akiba zilizochajiwa mjini ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa upesi kwa sababu haina mvuto wa kifaa kipya.

Pawabenki na namba zake

Njia ya pili ni pawabenki, ile akiba ya umeme ambayo wakazi wengi wa mijini huibeba kwa ajili ya simu. Kamera nyingi mpya huchajiwa kwa waya wa USB, na Umoja wa Ulaya ulizilazimisha kamera za kidijiti zinazouzwa kwenye nchi zake kutumia soketi ya USB-C kuanzia Desemba 28, 2024. Kwa kamera za zamani, zipo chaja ndogo za nje ambazo hupokea umeme wa USB badala ya ule wa ukutani.

Tatizo la pawabenki ni namba iliyoandikwa juu yake. Pawabenki ya mAh 20,000 haina maana kwamba itajaza betri ya kamera yenye mAh 1,800 mara 11. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, wakati betri ya kamera ni ya volti 7.2. Kwa wati-saa, pawabenki hiyo ina 74.

Aidha, sehemu ya nishati hupotea kama joto wakati umeme unapandishwa volti na kuhamishwa. Ikipotea asilimia 30, hubaki wati-saa 52, zinazotosha kujaza betri nne za wati-saa 13. Simu ikichajiwa humohumo, hesabu hushuka tena.

Upo pia udanganyifu. Pawabenki zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi huandikwa uwezo ambao hazina, na mizani ya dukani inaweza kuzifichua. Seli za kawaida za mAh 3,000 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50 kila moja, na zinahitajika karibu saba kufikisha mAh 20,000. Seli pekee zina gramu 300 na ushei, kabla ya kuongeza ganda na saketi. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye uzito wa gramu 200 haiwezi kuwa na kile kinachodaiwa.

Jua la mlimani si la bure

Wasafiri wengi hudhani kuwa paneli ya sola ya kukunja ni jibu la kila kitu, hasa katika nchi iliyo karibu na ikweta. Ukweli una masharti zaidi.

Paneli iliyoandikwa wati 20 hupimwa kiwandani chini ya mwanga mkali unaolingana na jua la utosi katika anga safi, na kwa nyuzi joto 25. Nje ya kiwanda, ikiwa imelazwa vibaya, ina vumbi au mawingu yamepita, kupata nusu ya kiwango hicho si jambo la ajabu.

Kwa wati 10 halisi na saa nne za jua zuri, zinapatikana wati-saa 40. Zikitolewa zinazopotea njiani, hubaki zaidi kidogo ya 25, ambazo ni takriban betri mbili za kamera kwa siku. Hiyo ni kama saa hizo nne zitapatikana.

Mlimani si rahisi kuzipata. Siku ya kwanza hupitia msituni, ambako jua halifiki ardhini. Siku zinazofuata mpandaji hutembea mchana, saa ambazo paneli ingepaswa kutandazwa, na anapofika kambini alasiri mara nyingi ukungu umekwisha kupanda. Paneli inayoning’inizwa mgongoni mwa begi huyumba, hugeuka na kupigwa kivuli na kichwa cha aliyeibeba. Kivuli kidogo tu kwenye kona moja kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme, kwa kuwa seli za paneli huunganishwa mfuatano na ile iliyozibwa huzikwamisha nyingine.

Kwa sababu hiyo, paneli ina faida zaidi kwa anayekaa mahali pamoja kwa wiki mbili au zaidi, kama vile mtafiti aliyepiga kambi Ruaha au mpiga filamu anayesubiri nyumbu Serengeti. Hata hapo, inashauriwa paneli ijaze pawabenki mchana, na pawabenki ijaze betri za kamera jioni. Chaja nyingi za kamera husimama kila wingu linapopita na baadhi hazianzi tena zenyewe. Pawabenki nayo iwekwe kivulini, chini ya paneli au pembeni yake, kwani joto kali huiharibu.

Gari ni mtambo wa umeme

Aliye kwenye safari ya mbugani ana bahati kuliko aliye mlimani. Gari lenye injini inayonguruma ni jenereta inayotembea, na ile soketi ya kuwashia sigara hutoa volti 12, au 24 katika baadhi ya magari makubwa.

Chaja ndogo ya USB ya garini, inayokubali volti zote hizo mbili, humaliza kazi. Wengine hutumia inveta inayogeuza umeme wa gari kuwa wa volti 230 ili wachomeke chaja ya kawaida ya ukutani. Inafanya kazi, lakini umeme hupandishwa kisha hushushwa tena, na kila hatua hupoteza kiasi. Waya wa USB wa moja kwa moja hupoteza kidogo.

La muhimu ni kuchaji wakati gari linatembea. Kuacha inveta na vifaa kadhaa vikinyonya umeme usiku kucha huku injini imezimwa ni kumwandalia dereva asubuhi mbaya, gari lisiwake katikati ya pori.

Baridi, adui asiyeonekana

Hesabu zote hizo zinaweza kuharibiwa na baridi. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Karibu na kilele, usiku, hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi.

Ndani ya betri, umeme hutokana na ayoni za lithiamu zinazosafiri katika kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi hupunguza mwendo wa ayoni hizo na kuongeza ukinzani. Volti hushuka, kamera huamini kuwa betri imekwisha, nayo hujizima, ingawa nishati bado imo.

Habari njema ni kwamba betri hiyo haijafa. Ikiwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, na kupashwa joto kwa dakika kadhaa, huweza kufufuka na kupiga picha kadhaa tena. Wazoefu hulala na betri ndani ya mfuko wa kulalia, na usiku wa kupanda kileleni huziweka kifuani chini ya koti. Moja huwa kwenye kamera, nyingine huwa kwenye joto, na hubadilishana zamu.

Jambo lisilopaswa kufanywa ni kuchaji betri ya lithiamu iliyoganda. Chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hushindwa kuingia mahali pake na hujikusanya juu ya uso wa ncha kama chuma. Madhara hayo hayarekebishiki: uwezo hupungua moja kwa moja, na hatari ya hitilafu ya ndani, hata moto, huongezeka. Betri ipashwe joto la mwili kwanza, ndipo ichomekwe.

Ndege nayo ina sheria

Kwa anayeruka kwenda au kutoka Kilimanjaro, betri ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la picha. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka betri za akiba na pawabenki zisafirishwe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa moto ukitokea kwenye abiria unaweza kuonekana na kuzimwa.

Betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa bila kuhitaji kibali maalumu. Ile ya wati-saa 100 hadi 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege, na inayozidi hapo hairuhusiwi kwa abiria. Masharti yamezidi kukazwa: Emirates, kwa mfano, ilipiga marufuku kutumia pawabenki ndani ya ndege zake kuanzia Oktoba 1, 2025 na kuruhusu moja tu kwa abiria. Ni vyema kusoma masharti ya shirika husika kabla ya kufunga begi, na kuziba ncha za betri kwa utepe au kuziweka kwenye vifuko vyake ili zisigusane na funguo au sarafu.

Kubana matumizi

Wati-saa iliyookolewa ni sawa na iliyochajiwa, tena haina uzito. Kuzima kamera kila baada ya picha, kupunguza mwanga wa skrini, kuacha kupitia picha kila jioni na kuzima Wi-Fi na GPS ya kamera huongeza maisha ya chaji kwa kiasi kinachoonekana.

Simu ina kishawishi chake. Tangu Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilipozindua huduma ya intaneti ya kasi mlimani humo, wengi hutaka kutuma picha papo hapo. Lakini simu inayotafuta mtandao mahali ambapo mawimbi ni hafifu hula chaji haraka, hivyo iwekwe katika hali ya ndegeni mpaka itakapohitajika.

Lipo pia suala la mgongo wa mwingine. Kila kifaa kisicho cha lazima hubebwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mpagazi, mmoja wa wale wanaojulikana mlimani kama wagumu. Paneli isiyopata jua na pawabenki ya tatu isiyofunguliwa ni mzigo kwake bila faida kwa yeyote.

Maandalizi, kwa hiyo, huanzia Moshi au Arusha, na si usiku wa mwisho, kwani umeme wa hotelini nao unaweza kukatika. Betri zote zijazwe siku mbili kabla, kila moja ijaribiwe ndani ya kamera, na moja iliyo bora itiwe alama na kutengwa. Hiyo isiguswe msituni wala kambini. Kazi yake ni moja: kukaa kifuani, kwenye joto, mpaka jua litakapochomoza juu ya Mawenzi.