Kanisa la Magogo

Wako watu wasemao nyumba ya miti haidumu. Hebu tuwaeleze habari za kanisa moja dogo la Anglikana. Liko katika kijiji cha Greensted, huko Essex, Uingereza.

Pale wanapokaa waumini, kuta ni za magogo ya mti mgumu uitwao mwaloni. Magogo yamepasuliwa katikati, yakasimamishwa bega kwa bega. Upande wa mviringo uko nje, upande bapa uko ndani.

Je, kanisa hili lina umri gani? Mti hujiongezea duara moja kila mwaka. Mwaka 1995 wataalamu walichunguza maduara ya magogo yale. Wakaona miti ilikatwa baada ya mwaka 1060 hivi. Basi kanisa lina miaka zaidi ya 900!

Limedumuje? Watu wake hawakungoja lianguke. Mnamo mwaka 1500 hivi, sehemu ya madhabahu ilijengwa kwa matofali. Mwaka 1848 miguu ya magogo ilikutwa imeoza. Basi mafundi wakakata palipooza tu. Wakajenga msingi wa matofali, wakayasimamisha magogo juu yake. Mpaka leo watu wanasali humo.

Nasi tujifunze. Nguzo huanza kuoza chini, penye unyevu. Iwe nyumba yako, darasa, kanisa au msikiti, kagua miguu ya nguzo kabla ya masika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.